Mikono Mikavu

Simu ziacheni nje. Nalisema hilo kabla ya salamu kwa sababu wiki iliyopita, hapa hapa kwenye chumba cha kuoshea cha msikiti wetu wa Azaiba, Maskati, simu ya mmoja wenu ililia kwa muziki wa harusi wakati tunamgeuza marehemu ubavu, na binti wa marehemu akacheka na kulia kwa pamoja. Sikukasirika sana. Mama yule alikuwa mcheshi, naamini na yeye angecheka. Lakini isitokee tena.

Haya, assalaam alaykum, wanangu. Mmenitaka niyaandike yale ninayowaambia tukiwa tunakata sanda, kwa sababu mnaona mgongo wangu umeshapinda na mnaogopa nitaondoka nayo. Mna haki ya kuogopa. Kuosha kwa mkono wangu nimeshaacha, magoti yamekataa, sasa kazi yangu ni kukaa kitini na kuwasumbua. Nitaandika kama ninavyozungumza, huku na kule. Anayetaka mpangilio asome vitabu vya fiqhi, vimo humo kabatini na vumbi lake.

Tuanze na maji. Nyinyi mna bomba la moto na la baridi. Sisi Matrah, kule bandarini, maji yalitoka kisimani, yakaletwa na punda kwenye madebe, na siku za joto yalifika yameshajichemkia njiani. Bi Moza, aliyenifundisha kazi hii, hakupima maji kwa kiganja. Alitia kiwiko, kama mama anayemuosha mtoto mchanga.

"Kiganja chako kishazowea jiko," aliniambia. "Kiganja kiongo hicho. Tia kiwiko."

Kwa hiyo tieni kiwiko. Majani ya mkunazi yapepeteni vizuri baada ya kuyatwanga, vijiti vikibaki vinanasa kwenye nywele. Pete iliyokwama kidoleni msiivute, zungusheni uzi na sabuni, itatoka yenyewe. Tumbo likandeni taratibu. Na kabla hamjamgusa, muiteni jina lake, mumwambie mnachotaka kufanya. Najua hasikii kama tunavyosikia sisi. Ni kwa ajili ya mikono yenu, ijue kwamba inamshika mtu.

Siku yangu ya kwanza nilisahau yote hayo. Tulimgeuza bibi mmoja mnene, na pumzi iliyobaki kifuani ikatoka kwa mlio, kama anayelalamika. Nilikimbia. Niligonga kichwa kwenye mlango ule wa chini wa kizamani, nikatokea uani damu inanichuruzika usoni, na wanaume waliokuwa wakingoja jeneza wakadhani marehemu amefufuka. Mmoja akaanza kupiga takbira. Bi Moza akanifuata mpaka mlangoni, mikono inadondoka maji.

"Pumzi tu hiyo," akasema. "Ukishamaliza kukimbia, niletee karafuu maiti."

Niliingia kazini kwa njia hiyo. Nilikuwa nimefika Matrah mwaka wa sitini na nne, kutoka Unguja, nimeshafiwa na mume, pamoja na mdogo wangu Rahma na mumewe Hamed. Yaliyotutoa kule wengine wameshayasema, mimi siyarudii. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuwachekesha watoto wa mtaani. Hamed alitafuta kazi akakosa, akaenda Kuweti kama wanaume wengi wa siku zile, na sisi wawili tukabaki katika nyumba ya vyumba viwili na uwa, nyuma ya soko. Bi Moza alikuwa jirani. Alizaliwa Matrah, akakulia Wete, Pemba, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mgongo ulikuwa ukimuuma na alihitaji mtu wa kumuinulia. Akanichagua mimi kwa sababu, alisema, nina mabega ya mchukuzi.

Alinifundisha kwanza sitara. Utakachokiona juu ya mwili wa maiti kinabaki pale pale. Kovu, mimba asiyoijua mtu, alama za fimbo, chochote. Humwambii mumeo, humwambii mwosha mwenzio. Bi Moza hakuzungumza hata na mimi, niliyekuwa nimesimama upande wa pili wa maiti yule yule. Tukitoka mlangoni alikuwa akizungumza habari ya bei ya samaki.

Sasa nitawaeleza jambo lililotaka kuivunja sheria hiyo, na kwa nini mimi tukialikwa kwenye hina siweki mkono mbele. Mmekuwa mkiuliza miaka mingi.

Hina ya siku zile haikuwa ya koni. Tuliikanda nzito, tukaijaza viganjani na nyayoni, kisha mikono na miguu ikafungwa vitambaa na kukazwa kwa kamba, na mtu akakaa hivyo mpaka ikolee. Ukiwa umefungwa hivyo huna mikono. Huwezi kufungua mlango wala kufukuza nzi. Rahma akifungwa hina alikuwa akiniita kutoka chumba cha pili nije nimkune pua, na nilikuwa nikichelewa makusudi. Watu walipaka kwa Idi, kwa harusi, na mke alipaka akisikia mumewe anarudi safari. Na wakati mzuri wa kukaa na hina ulikuwa baada ya adhuhuri, jua limesimama juu ya majabali, mtaa mzima umelala na vichochoro havina hata paka.

Wa kwanza alikuwa mke wa mtu katika mtaa wetu. Jina lake silitaji; mumewe alikuwa anatarajiwa kutoka safari. Mama mkwe alimkuta baada ya usingizi wa mchana, amelala chali, amekwisha. Wakasema joto limemchukua. Mimi na Bi Moza tukaenda kumuosha, na mikono yake ilikuwa bado imefungwa. Nilifungua vitambaa mimi mwenyewe. Hina ilikuwa mbichi. Imepenya kitambaani na imempaka magotini, kama mtu aliyepiga-piga. Nilipomsafisha kinywa nikaona mdomo wa juu kwa ndani umekatwa na meno yake mwenyewe, na chini ya taya pana alama za vidole, upande huu vinne, upande huu kimoja.

Nikamtazama Bi Moza. Alikuwa ameshaona. Akaushusha ule mdomo polepole, akasema, "Mimina maji."

Njiani nikashindwa. "Bi Moza, ule mdomo..."

"Mdomo gani?"

"Wa yule..."

"Samaki leo ghali," akasema. Lakini usiku ule nilimpelekea chakula na asubuhi nikakikuta vile vile.

Msimuone mbaya. Mimi nilimuona mbaya, nikaja kujua baadaye. Ingesemwa kwamba mwanamke yule ameuawa ndani ya nyumba yake, mumewe hayupo, mlango haukuvunjwa, watu wangeuliza jambo moja tu: nani alimfungulia? Wangemtafutia mwanamme ambaye hakuwepo. Wangemnyang'anya na heshima yake, na yeye hayuko kujitetea, na watoto wake wangekua nalo. Bi Moza alikuwa akimlinda, kwa njia aliyoijua.

Matangani wanawake wakalia, na mmoja wao akasema, "Kachukuliwa na hina yake mbichi, bibi harusi wa peponi." Lilikuwa neno zuri. Mama mkwe alilishika kama mtu anayeshika ukuta. Na mimi nililia kwalo.

Ikapita muda, akafa mwengine, mtaa wa juu. Nilikwenda matanga pamoja na jirani, sikumjua marehemu. Mke kijana, mume yuko safarini, anatarajiwa. Nikasikia, "Na hina yake mbichi, masikini, bibi harusi wa peponi." Kisha wa tatu, upande wa Mabulushi, mume naye njiani, na neno lile lile likasemwa kwa Kibulushi, jirani akanifasiria. Walikuwa wakilisema kwa kufarijika. Wengine, haki ya Mungu, walikuwa wakilisema kwa wivu, kwamba kufa umepambwa ni dalili njema. Lilikuwa zuri mno, na kwa uzuri wake hakuna aliyelitazama mara ya pili.

Waosha wa Matrah hatukuwa kundi moja. Sisi tulikuwa na mitaa yetu, Ghaniya alikuwa na mtaa wa juu, Durra aliwaosha Mabulushi wenzake. Kila mmoja aliona maiti mmoja, akanyamaza kama alivyofundishwa. Aliyefanya jambo hili, awe nani, alikuwa salama ndani ya ukimya wetu.

Ningeendelea kunyamaza na mimi, msidhani nilikuwa shujaa. Lakini mtu mmoja akashuka melini akiwa na salamu kutoka Kuweti. Aliisema salamu yenyewe pale forodhani, mbele ya wachukuzi na wauza kahawa: Hamed anakuja kwa meli inayofuata. Mtaa wote ulijua kabla yetu. Rahma alipoambiwa alizunguka uani kama mtoto, akaja akanishika mabega.

"Dada Zule, nnataka hina mpaka hapa," akasema, akionyesha karibu na kiwiko. "Mwambie bibi wa hina aje. Nnataka Hamed anione kama siku ile."

Nilitoka bila ya kuvaa viatu nikaenda kwa Bi Moza.

"Wewe umemuona mmoja," nikamwambia. "Mimi nimesikia watatu. Wote waume zao walikuwa wanarudi. Wote walikuwa na hina. Na sasa Rahma anataka kupakwa."

Akashika upande wa leso yake, akaukunja.

"Nitakuja kumkosha mdogo wangu, Bi Moza? Na tukitoka tuzungumze habari ya samaki?"

Akaukunjua, akaulaza gotini. Kisha akasema, "Kesho asubuhi. Vaa vizuri. Tunakwenda kwa kadhi."

Kadhi alikuwa mzee mpole, mwenye kukohoa. Tuliketi nyuma ya pazia na Bi Moza akamuuliza kwa Kiarabu: mwosha akiona juu ya maiti jeraha lililofanywa na mtu, je, sitara inamlazimu? Kadhi akakohoa, akasema sitara ni haki ya maiti, si haki ya aliyemdhulumu. Unaweza kuniambia mimi ulichokiona wewe. Bi Moza akamwambia, bila ya kutaja jina, na kwamba tumesikia wengine wawili. Na wale wengine? akauliza kadhi. Hatukuwaosha, akajibu Bi Moza, hatuna ushahidi. Basi waulizeni waliowaosha, akasema, na kama hawataki kusema msiwalazimishe, kwani wanalinda jambo kubwa. Nilimpenda kwa hilo.

Kuwauliza ilikuwa kazi. Durra na Ghaniya walikuja nyumbani kwa Bi Moza, wakanywa kahawa, wakala tende, na tulipolikaribia jambo nyuso zao zikafunga kama milango. Ghaniya akainuka kutaka kwenda zake.

"Kaa," Bi Moza akamwambia. "Sitaki jina, sitaki nyumba. Sitaki useme neno lolote. Mimi nnalala hapa kwenye mkeka. Kila mmoja aingie peke yake, anikoshe kwa mikono mitupu, bila ya maji, kama alivyomkosha yule aliyemnyima usingizi. Basi. Halafu aende zake."

Akalala. Bibi wa umri ule, akanyosha miguu, akaweka mikono ubavuni, akafumba macho. Mimi nilikaa kwenye kona. Nimeona mengi katika kazi hii, hilo sitalisahau.

Durra aliingia kwanza. Hakukuwa na maji, lakini mikono yake ilikwenda kama ipo ndani ya maji. Akaanza upande wa kuume. Akamtawadhisha. Alipofika kinywani kidole gumba kikainua mdomo wa juu, kikasimama. Kikakaa pale. Kisha mkono ukashuka chini ya taya, ukasimama tena, vidole upande huu, gumba upande huu. Halafu akashika mikono ya Bi Moza, akafanya kama anayefungua kamba, na hapo akaanza kulia bila ya sauti, akatoka. Akaingia Ghaniya. Kinywani akasimama. Kwenye taya akasimama. Akafungua kamba ambazo hazikuwepo.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Nilipofika mdomoni nikaona machozi ya Bi Moza yanateremka kuingia masikioni, na hakuyafuta, maana maiti hafuti machozi.

Hakuna aliyesema kitu, wanangu. Hakuna aliyevunja sitara. Na wanne sisi tukajua.

Kilichofuata ndicho kinachofuata siku zote watu wakiogopa. Ghaniya alisema, pale pale mlangoni, "Bibi wa hina ni mmoja Matrah nzima. Yeye ndiye aliyewapaka wote."

Bi Moza akaketi juu ya mkeka. "Na wewe na mimi na Durra tumewakosha. Kila aliyekufa tumemgusa sisi. Tuseme ni sisi?"

"Mimi nasema tu..."

"Usiseme tu. Ukimtaja mtu kwa kudhani, wiki ijayo utaitwa ukamkoshe na yeye."

Nilikwenda mwenyewe kwa bibi wa hina, kwa kisingizio cha kumuita kwa ajili ya Rahma. Alikuwa mwembamba, vidole vyekundu mpaka mizizi ya kucha. Nilipomwambia ni mke anayemngojea mume alikaa chini. Akaniambia yeye huwapaka, huwafunga, hurudishia mlango na kwenda nyumba nyengine inayomngoja. "Tangu yule wa pili silali," akasema. "Nikisema, watasema mimi. Nisiposema, nnawafunga mimi kwa mkono wangu." Akanishika nguo. "Mwambie mdogo wako asipake." Niliona kwamba kumbe naye alikuwa peke yake kama sisi tulivyokuwa.

Tulirudi kwa kadhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani, tukasema hatujui. Akauliza majina ya waliokufa, na Bi Moza akasema majina yameshazikwa. Hakulazimisha. Alimueleza wali, mtawala wa mji, naye akawaongeza askari kupita vichochoroni mchana. Bi Moza akasema askari watapita na watakwenda kunywa maji. Kadhi akamuuliza, basi wewe unataka nini? "Nnataka asiachwe mwanamke na hina peke yake," akasema. "Akae mtu pamoja naye, mikono mikavu, mpaka afunguliwe." Na misikitini likasemwa hivyo baada ya sala, kama adabu tu, bila ya sababu. Watu walilipokea. Watu wetu hawahoji sana jambo likiwa na kahawa ndani yake.

Rahma hakukubali kuacha hina. Nilimwambia nusu ya habari, akafikiri nimechanganyikiwa kwa kuosha sana. "Hamed hajaniona miaka," akasema. "Nimpokee na mikono ya mjane?" Mikono ya mjane ilikuwa yangu. Tukakubaliana apakwe, na mimi nikae.

Siku yenyewe bibi wa hina ameshamfunga, jua limepanda, wakaja kuniita. Mtoto mchanga amekufa mwisho wa mtaa. Mtoto haachwi kungoja. Nilisimama uani sijui niende wapi, na Bi Moza akaingia na kifuko chake cha tambuu.

"Nenda," akasema. "Mgongo wangu leo hauinami. Kukaa unaweza."

Nilimuosha yule mtoto. Nilimpimia maji kwa kiwiko, nikamwita jina lake, walikuwa wamempa jina asubuhi ile. Kisha nikarudi, nusu natembea nusu nakimbia.

Rahma alikuwa amelala, anakoroma kidogo, mikono na miguu imefungwa. Bi Moza ameketi ukutani karibu na kichwa chake, viganja viwazi juu ya magoti kama anayeota moto. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

"Kaja mtu," akasema.

"Nani?"

"Kasukuma mlango. Hakupiga hodi. Kajitanda nguo nyeusi mpaka chini, na barakoa usoni. Nikasema karibu. Hakuitika. Kasimama pale ulipo wewe."

"Mwanamke au mwanamme?"

"Sijui. Mrefu."

"Macho hukuyaona? Ukiyaona macho..."

"Hakunitazama machoni, Zule. Kanitazama mikono. Katazama mikono yangu, kisha katazama ya Rahma, kisha yangu tena. Halafu katoka, karudisha mlango taratibu, kama mtu mwenye adabu zake."

Nilikwenda mlangoni. Kichochoro kilikuwa kitupu, jua tupu. Nilirudi nikiwa na hasira, na hasira ile niliitoa kwa aliyekuwepo.

"Mbona hukupiga kelele? Mbona hukumfuata? Alikuwa hapa, Bi Moza! Ungemvuta ile barakoa!"

"Ningemfuata mpaka mlangoni," akasema, "Rahma angebaki nyuma yangu. Na kama hakuja peke yake, jee?" Akamtazama Rahma aliyekuwa amelala mdomo wazi. "Nilikuja kukaa. Sikuja kukamata."

Rahma mpaka leo anaapa hapakuja mtu. Anasema mimi na Bi Moza tulikuwa na njaa, tukaona visivyokuwepo. Hamed alishuka meli siku ya tatu yake, akamkuta na mikono myekundu mpaka karibu na viwiko, na wajukuu zao nyote mnawajua, wawili wako humu ndani na ndio wanaosahau kuzima simu.

Askari waliuliza sana, hawakupata. Wengine walisema ni baharia aliyekwisha kuondoka, wengine jini, wengine mwanamke aliyeachwa ambaye hakuvumilia kuona waume wa wenzake wanarudi. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na mimi sina. Hakufa mwengine tena kwa namna ile, si Matrah wala Maskati yenyewe, na sisi waosha tungelijua, kwa sababu tangu siku ile ya mkeka tulikuwa tukikutana kila mwezi nyumbani kwa Bi Moza, tunakunywa kahawa, na kila mmoja anamuosha mwenzake kwa mikono mitupu. Siku nyingi mikono haikusimama popote. Tulishukuru, tukala tende.

Miaka mingi nilimkasirikia Bi Moza kwa kutoivuta ile barakoa. Nimeosha vikongwe wengi wa Matrah tangu hapo, na kwa baadhi yao, waliokuwa warefu, nilipowafunua uso nimejiuliza: jee, ni wewe? Nikapima maji kwa kiwiko, nikamwita jina lake, nikaanza kuume. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii na sikuweza kuwafundisha kwa maneno. Hatuoshi kwa kustahili.

Adabu ile ilibaki. Mtu akipakwa hina wanakaa wenzake, na kwa kuwa wamekaa wakaanza kuimba, na kwa kuwa wameimba wakaleta chakula. Watoto waliozaliwa baadaye wameikuta ni shangwe. Mimi nimefurahi kwamba ni shangwe. Lakini kila hina ya mtaa wetu alikuwepo Bi Moza, na kila walipomwambia na yeye apake alikataa, akasema mmoja lazima awe na mikono mikavu. Wakamcheka. Wakasema bibi mchoyo wa mapambo.

Mwaka wa sabini, mambo yalipoanza kubadilika na kila mtu anazungumza barabara na umeme, mgongo wake ukamlaza kitandani. Nilikuwa nikimuosha kila asubuhi, kwa maji safari hii, na tukitaniana kwamba mimi nafanya mazoezi. Siku moja akaniambia, "Zule, kanda hina."

"Ya nani?"

"Yangu. Jaza viganja. Funga vitambaa kama zamani, na kamba."

Nikakanda. Nikamjaza viganja, vilikuwa laini kama vya mtoto kwa ajili ya maji ya miaka yote ile. Nilipokaza kamba ya pili alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa na hofu, na kwamba alikuwa nayo tangu siku ile, na alikuwa amekaa nayo katika hina za watu wote.

"Utakaa?" akaniuliza.

"Nnakaa."

"Mpaka ikauke?"

"Mpaka ikauke, Bi Moza."

Akafumba macho. Baada ya muda akaniita nimkune pua, na sikuchelewa. Alilala mchana ule wote, mlango wazi, jua linapita uani, na mimi nimekaa ukutani viganja juu ya magoti. Baada ya siku chache nilimuosha mara ya mwisho, mimi na Durra na Ghaniya, sote watatu, na mikono yetu haikusimama popote. Viganja vyake vilikuwa vyekundu sana.

Wiki ijayo ni hina ya mjukuu wa Rahma. Mtakuja nyote na koni zenu, na mtanipigia kelele kama kawaida, Bibi Zule leta mkono. Mniache kitini kwangu. Siku nitakayotaka nitawaambia, na siku hiyo mmoja wenu asipake.